Chaza wa Mstari wa Kwanza

"Weka saini hapa chini tu, mama," alisema Mkuu wa Kituo, akigongagonga karatasi kwa kalamu. "Tutaandika ni uzembe, siyo kusudi. Utalala kwako leo."

"Siweki."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma mara mbili. Inasema nimetia dawa kwenye chaza wangu. Sikutia. Sasa saini niiweke juu ya nini?"

Mwanamke aliyejibu hivyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi tangu saa mbili asubuhi, na kiti hakikuyumba hata mara moja. Mji mzima ulimwita Mama Chaza. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akifuga chaza kwenye ghuba, kwanza na mumewe, halafu peke yake tangu mume alipofariki. Mikono yake ilikuwa na makovu membamba meupe ya maganda, kuanzia vidole hadi kwenye viwiko.

Mezani mbele yake palikuwa na kopo jeupe la plastiki, ukubwa wa kopo la rangi. Karatasi yake ilisema ni dawa ya kuua bakteria, kwa samaki wa kufugwa. Namba ya toleo ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu.

Dirishani alisimama sajini wa upelelezi, mwanamke mrefu mwembamba. Wenzake walimpa jina la Sindano tangu chuo cha polisi, kwa umbo lake na kwa sababu akikuuliza swali unajua umeulizwa. Alikabidhiwa jalada hili asubuhi ile, na maagizo kwamba lifungwe jioni.

Kilichoandikwa humo kilikuwa kifupi. Jumamosi, mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari alinunua chaza kumi na wawili kwenye banda la Mama Chaza, akawala wabichi na ndimu, yeye na mkewe. Mke hakudhurika. Mwalimu, kabla ya robo saa kupita, alivimba midomo na koo likamziba. Tangu utotoni alikuwa na mzio wa aina moja ya dawa ya bakteria, na hospitali ilipopima matapishi yake ilikuta dawa hiyo hiyo. Hakuwa amemeza kidonge chochote. Jumatatu mtu asiyejitaja alipiga simu kituoni, askari wakaenda kupekua banda, wakarudi na kopo.

"Mkuu, nani ameshalifungua hili?" Sindano aliuliza.

"Hakuna. Ushahidi haufunguliwi hovyo."

Sindano alivaa glavu, akazungusha kifuniko. Chini yake palikuwa na karatasi ya rangi ya fedha iliyobandikwa kiwandani, imekaza pande zote, haina hata tundu la pini. Akaliinamisha kopo ili bosi wake aone.

"Haijawahi kutoka hata chembe."

"Basi alikuwa na jingine, akalitupa."

"Akatupa tupu, akatuwekea lililojaa?"

Mama Chaza alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kumbe kuna mtu anayefikiri humu ndani! Mlikuwa mmemficha wapi?"

Mkuu wa Kituo hakucheka. Alikuwa na miezi saba kabla ya kustaafu, na tangu juzi simu yake ilikuwa inalia kutoka kampuni ya vizimba vya samaki, waajiri wakubwa kuliko wote pale mjini.

"Namwachia kwa dhamana mpaka Ijumaa saa nne," alimwambia Sindano akisimama. "Ikifika hiyo saa huna kitu, nampeleka mahakamani, saini au bila saini."

"Bila saini," alisema Mama Chaza. "Na uandike kwa herufi kubwa kwamba nimekataa."

Kabla ya kutoka Sindano alipitia kaunta, akafungua kitabu cha matukio ukurasa wa Jumatatu. Askari wa zamu alikuwa ameandika maneno ya mpiga simu jinsi alivyoyasikia. *Sauti ya kiume. Anasema yule mama anatia dawa. Kopo liko chumba cha mgonjwa, nyuma ya banda, chini ya magunia.*

"Chumba cha mgonjwa ndiyo nini?" Sindano aliuliza.

"Hata sisi hatukuelewa," alijibu askari wa zamu. "Tulikwenda tu nyuma ya banda tukakuta magunia."

Sindano alinakili mstari ule neno kwa neno.

*

Saa nane mchana walikuwa ghubani watu watatu katika mashua ya Mama Chaza. Mwenyewe alishika injini. Sindano alikaa katikati na mifuko ya sampuli, na mbele, kashikilia ukingo kwa mikono miwili, alikaa fundi wa maabara ya serikali, mzee aliyeitwa Miwani kwa kuwa daima alikuwa na jozi mbili, moja machoni na nyingine utosini.

"Mimi ni mtu wa chupa na darubini," alilalamika Miwani, uso umebadilika rangi. "Bahari naipenda ikiwa imewekwa kwenye chupa."

"Tazama nchi kavu, mjomba," alisema Mama Chaza. "Ukitazama maji yatakuzungusha."

Chaza wake walikaa kwenye vikapu vya wavu, vimefungwa kwenye kamba ndefu zinazoelea. Kulikuwa na mistari mitatu. Mstari wa tatu ulikuwa karibu na ufukwe, wa pili katikati, na wa kwanza ulikuwa umekwenda mbali zaidi. Zaidi ya hapo, hatua sitini hivi, vilianza vizimba vya kampuni: miduara minane ya mabomba meusi, kila mmoja na wavu uliozama chini na maelfu ya samaki ndani. Mabomba membamba yalirusha chakula, na kila yaliporusha, maji ndani ya vizimba yalichemka kwa migongo ya samaki.

"Wao walinikuta hapa," alisema Mama Chaza. "Waliniuliza? Hawakuniuliza. Siku ya uzinduzi waliniletea kipande cha keki kwenye sahani ya karatasi. Nikakila, maana keki haina kosa."

"Maji yanakwenda wapi?" Sindano aliuliza.

"Yakijaa, yanatoka kule vizimbani yanakuja huku kwangu. Kila siku, mara mbili."

"Na chaza anakula nini?"

"Anakula maji. Anayavuta, anayachuja, anayatema. Ndoo kwa ndoo, mchana na usiku. Kilichomo anabaki nacho. Hana mdomo wa kuchagua kama wangu na wako, afande." Alivuta kikapu cha mstari wa kwanza, akakifungua, akamimina chaza wanene wenye maganda ya kijani. "Waone hawa. Tangu vizimba vije, mstari wa kwanza unanenepa mara mbili ya mingine. Mimi nikasema, angalau nimepata faida kwa majirani. Ndiyo nawauza kwanza."

Miwani alisahau kutazama nchi kavu. "Wananenepa kwa kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula," alisema. "Na kama chakula kina dawa, si samaki tu atakayeimeza."

Walichukua chaza ishirini kutoka kila mstari. Kila mfuko ulifungwa kwa lakiri, ukaandikwa mahali na saa, ukasainiwa na wote watatu. Kisha Mama Chaza aliizungusha mashua hadi upande wa pili wa rasi, ambako maji ya vizimba hayafiki, wakabandua chaza wanaokua wenyewe kwenye miamba. Huo ukawa mfuko wa nne.

Wa tano ulikuwa bandani. Mle kulikuwa na tangi ambamo chaza hukaa siku mbili kwenye maji safi kabla ya kuuzwa. Miwani alitoa ishirini, akajaza na chupa moja ya maji ya tangi lenyewe.

Sindano alizunguka banda. Nyuma, palipotenganishwa kwa ubao, kulikuwa na kitanda cha chuma kisicho na godoro, na juu yake rundo la magunia ya plastiki.

"Kopo lilikutwa hapa?"

"Ndivyo walivyosema. Mimi mara ya mwisho kuingia humu ni wiki mbili zilizopita. Chumba cha mgonjwa hakinipi raha."

Sindano aligeuka taratibu. "Umekiitaje?"

"Chumba cha mgonjwa. Marehemu mume wangu aliugulia humu. Alikataa kulala nyumbani, anataka kusikia maji. Miezi minne. Basi tukazoea kupaita hivyo."

"Nani na nani?"

"Mimi, mdogo wangu, na shemeji, mumewe. Ndio tuliokuwa tunapokezana kumuuguza. Wateja, wao wanajua ni stoo tu."

Sindano alinyanyua gunia la juu. Lilikuwa na nembo ya kampuni ya vizimba, na mdomoni mwake utepe mwekundu wenye maandishi: CHAKULA CHENYE DAWA. Vumbi la kahawia lilibaki kwenye pembe.

"Magunia haya umeyapata wapi?"

"Shemeji ndiye mlishaji kule vizimbani. Wao wanayatupa, yeye ananiletea. Nabebea chaza."

Miwani alivua miwani ya machoni akavaa ya utosini, akalikagua vumbi.

"Kama chaza wako wanapita kwenye magunia haya," Sindano alisema, "dawa inaweza kuwa imetoka humu. Na hapo kosa linakuwa lako, hata kama hukukusudia. Unanielewa?"

"Nakuelewa sana."

"Bado unataka nipime?"

Mama Chaza aliweka mikono kiunoni. "Afande, mtu mzima amelala hospitali kwa kula kilichotoka mkononi mwangu. Pima. Likiwa langu nitalibeba. Lisipokuwa langu, hata mlete askari wa nchi nzima, silibebi."

Sindano alibandua tepe zote nyekundu alizozikuta. Zilikuwa kumi na moja. Kila moja ilikuwa na tarehe iliyopigwa kiwandani. Ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa pili, ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu zilizopita.

*

Meneja wa vizimba alimpokea Jumatano saa tatu asubuhi katika ofisi yenye baridi ya mashine na dirisha pana linalotazama ghuba. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye tabasamu la mtu aliyezoea kukaribisha wageni wa serikali.

"Karibu sana, afande. Tumesikitika mno kwa yaliyompata mwalimu. Kahawa?"

"Maelezo kwanza. Mwaka huu mmewapa samaki wenu dawa ya bakteria?"

"Mara moja tu. Mwezi wa pili, siku saba. Daktari wetu wa samaki aliandika cheti." Alikuwa nacho tayari. Akakisogeza mezani.

"Siku saba. Baada ya hapo?"

"Hakuna. Kabisa."

"Daktari huyo nikimtaka nimpate wapi?"

"Aliacha kazi mwezi wa tatu. Mambo ya kifamilia."

"Chaza wa jirani yenu wako hatua sitini kutoka kizimba cha mwisho. Mmewahi kuwapima?"

"Sheria haitulazimishi kupima mali za watu."

"Sijauliza sheria. Nimeuliza kama mmewahi."

"Hapana." Tabasamu lilipungua kidogo. "Afande, tusizungushane. Yule mama ana chuki na sisi tangu siku ya kwanza. Anatia dawa chaza wake wasife, halafu likitokea la kutokea anatusingizia. Na kopo lenyewe si mmelikuta, pale chumba cha mgonjwa? Sasa mnatafuta nini tena?"

Kalamu ya Sindano haikusimama. Aliandika sentensi ile kama ilivyotamkwa, akaweka nukta, akageuza karatasi.

"Soma. Kama ndivyo ulivyosema, weka saini kila ukurasa."

Meneja alisoma harakaharaka, kama mtu mwenye mkutano mwingine, akasaini.

"Naomba nione ghala la chakula."

"Una hati ya upekuzi?"

"Bado."

"Basi utakapokuwa nayo." Akasimama kumfungulia mlango. "Nakushauri kama dada yangu. Mkuu wako anataka kupumzika kwa amani. Usimharibie."

"Mimi kwetu nimezaliwa peke yangu," alisema Sindano. "Sina kaka."

*

Alhamisi saa tano Miwani alimpigia simu. Alipofika maabara, mzee alikuwa ameandika tarakimu tano ubaoni, kubwa kama za darasa la kwanza.

"Mstari wa kwanza, karibu na vizimba: tisini na sita. Mstari wa pili: arobaini na moja. Wa tatu: kumi na mbili. Miamba ya nyuma ya rasi: sifuri. Dawa ni ileile iliyomziba mwalimu koo."

"Na tangi?"

"Sitini. Hapo ndipo nilipokaa nikanywa chai nikiwaza. Niambie wewe: chaza wa tangini walitoka mstari gani?"

"Wa kwanza. Ndio wanene, ndio anaouza."

"Basi wameingia na tisini na sita, wakakaa siku mbili, wamebaki na sitini. Tangi linawasafisha! Kama mama yule angekuwa anatia dawa mle, namba ingepanda. Maji ya tangi nayo nimeyapima. Hamna kitu cha maana."

"Magunia?"

"Vumbi lina dawa, nyingi tu. Lakini hawa wa mistari mitatu tuliwatoa baharini kwa mikono yetu wakaingia kwenye mifuko yangu. Gunia hawakuliona. Na hata kama gunia lingekuwa na lawama, lingejuaje kuchafua mstari wa kwanza mara nane kuliko wa tatu?" Alishusha miwani. "Dawa inatoka vizimbani, inasafiri na maji, inapungua kadiri inavyokwenda. Chaza wanaikusanya njiani. Jambo la pili: siku saba za mwezi wa pili haziwezi kuacha hivi hadi leo. Samaki wa kule wamelishwa dawa mpaka juzi."

Sindano alizitoa zile tepe kumi na moja, akazipanga mezani kwa tarehe. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Hapakuwa na mwezi uliorukwa.

"Niandikie ripoti," alisema. "Na usitumie neno *huenda*."

"Nimelitumia mara moja."

"Lifute."

*

Shemeji aliishi nyumba ya tatu kutoka soko. Alikuwa mtu mkubwa, mabega ya kubeba magunia, lakini alipomwona Sindano mlangoni akiwa na Mama Chaza alirudi nyuma hadi akagonga meza. Mkewe, mdogo wake Mama Chaza, alitoka jikoni akifuta mikono.

"Kuna nini, dada?"

"Mwulize mumeo. Mimi afande kaniambia nije nisikilize, nimekuja kusikiliza."

Sindano alibaki amesimama. "Watu watatu hapa duniani wanapaita mahali fulani chumba cha mgonjwa. Wote wamo humu ndani. Jumatatu mwanaume alipiga simu kituoni akatumia jina hilo. Jana meneja wako alilitumia pia, na nina saini yake. Nani alimfundisha?"

Mke wa shemeji ndiye aliyeelewa kwanza. Alimtazama mumewe, kisha akaketi, kitambaa cha jikoni kikiwa bado mkononi.

"Aliniambia ni kumtisha tu," Shemeji alisema hatimaye. "Meneja. Alinipa kopo kwenye mfuko, akasema liweke mahali ambapo halitaonekana upesi. Akasema asipopatikana mtu wa kubeba hili la mwalimu, vizimba vinafungwa, watu mia mbili tunarudi nyumbani. Akaniuliza pale bandani pakoje, nikamweleza. Simu alipiga yeye mwenyewe."

"Namba ya kopo nani aliikwangua?"

"Mimi. Kwa kisu cha samaki."

"Na dawa mmekuwa mkilisha tangu lini?"

"Hatukuacha, afande. Samaki wakianza kuelea, tunaambiwa tufungue magunia ya utepe mwekundu. Daktari aligoma kuandika cheti kingine, ndiyo akaondoka. Tangu hapo meneja anaagiza mwenyewe."

Mama Chaza alimsogelea shemeji yake mpaka wakabakiza hatua moja.

"Ulimgeuza mume wangu kitandani miezi minne, shemeji. Mikono hiyohiyo. Halafu ukaenda kuweka kopo kwenye kitanda chake?"

"Dada, nisamehe."

"Sijaja kusamehe leo. Siku ya kusamehe nitakuja mwenyewe, bila polisi. Leo nataka kitu kimoja: unasema, au unanyamaza?"

Shemeji alimtazama mkewe.

"Usinitazame mimi," mkewe alisema. "Ukinyamaza, usirudi humu ndani, ukatafute pa kulala. Watu mia mbili, watu mia mbili! Na huyu si mtu?"

Mwanaume yule alivuta kiti. "Nipe karatasi," akamwambia Sindano.

*

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano Meneja alikuwa ameshaketi ofisini kwa Mkuu wa Kituo, miguu ameikunja nne. Sindano aliingia, akaweka jalada mezani, hakuketi.

"Nimeelezwa unasumbua watu," Mkuu alianza. "Jalada lifungwe."

"Litafungwa likijaa, Mkuu." Akatoa karatasi moja baada ya nyingine. "Ripoti ya maabara: dawa inatoka vizimbani. Tepe kumi na moja: wamelisha dawa miezi yote. Maelezo ya bwana huyu, yenye saini: ililishwa siku saba tu. Maelezo yake tena: anajua jina la chumba ambalo hakuna polisi aliyelitamka nje ya kituo hiki. Na maelezo ya mlishaji wake, kurasa tano, aliyepewa kopo akaliweke. Nakala ya vyote imeshapokelewa asubuhi hii kwa mwendesha mashitaka. Huu hapa mhuri."

Mkuu wa Kituo aliusogeza mhuri ule karibu na macho. Alisoma ukurasa wa Shemeji mpaka mwisho, midomo ikienda pamoja na maneno. Kisha akafunga jalada na kumtazama Meneja, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imebadilika.

"Uliniambia siku saba."

"Mkuu, huyu mwanamke anakupotosha. Hivi anajua anagombana na nani?"

"Anajua," alisema Sindano. "Ndiyo maana nimekuja na kalamu mbili, moja yangu, moja ya Mkuu ya kusaini hati ya upekuzi."

Mkuu alivuta droo, akatoa fomu ya hati ya upekuzi, akaanza kuijaza kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika kwenye saini alisita kidogo, akahema, akasaini. "Miezi saba," alijisemea. "Basi waniage na hili."

Saa sita kufuli la ghala lilikatwa. Ndani walikuta magunia tisini ya chakula, na themanini yalikuwa na utepe mwekundu. Nyuma yake yalipangwa makopo meupe, yote na namba zake za toleo, zinazofuatana bila pengo isipokuwa moja. Meneja alisimama pembeni kati ya askari wawili akizungumza kwenye simu, na kila aliyempigia alikata mapema kuliko aliyetangulia.

Jioni, jua likiwa bado juu ya paa, Sindano alikwenda bandani na bahasha ya idara ya afya. Mama Chaza alikuwa anasugua tangi lisilo na chaza.

"Wewe umefutiwa tuhuma," Sindano alisema. "Vizimba vimesimamishwa. Lakini na wewe pia. Mistari yote mitatu, hakuna kuvuna wala kuuza mpaka vipimo vitoke safi mara tatu mfululizo. Miwani anasema inaweza kuchukua mwaka."

Mama Chaza alikausha mikono, akaisoma barua yote akiwa amesimama.

"Hii ni haki," alisema. "Hata wasingeniletea, nisingemuuzia mtu. Lakini waambie wale wa vizimba, kule waliko: mwaka mzima, kila asubuhi, watanikuta majini nasafisha kamba zangu. Sihami. Wakirudi na keki, nitawamwagia baharini." Akaikunja barua. "Mwalimu anaendeleaje?"

"Ameanza kuongea. Kitu cha kwanza alichouliza ni tarehe ya kesi. Anataka kutoa ushahidi."

"Basi mashahidi tuko watatu, pamoja na shemeji."

"Wanne," alisema Sindano. "Daktari wa samaki amenipigia simu saa kumi. Anasema kile cheti cha pili alicholetewa na Meneja akakataa kukisaini, bado anacho."